Jinsi ya kukagua bastola ya kale ya fataki: namba, chapa na hali ya chuma

Wadau, mtu akishikishwa bastola ya kale ya fataki, zile za silinda za miaka ya 1850 na 1860, cha kwanza anauliza "hii Colt?" (kiwanda maarufu cha Marekani) na cha pili "inauzwa bei gani?", na mi naona yote mawili yanakuja mapema mno. Cha kuuliza kwanza ni kama vitu vyote vilivyopo kwenye hiyo bastola vinakubaliana, yaani namba na namba, chapa na mwaka, uchakavu wa chuma na uchakavu wa mbao, maana bastola iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka 150 inachakaa yote kwa pamoja. Ukilishika hilo tu, feki nyingi na zile zilizong'arishwa upya zinajisema zenyewe.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, bastola ya fataki ni ya kabla ya risasi za ganda kuenea. Kila chumba cha silinda unakijaza kwa mbele mtindo wa gobore, baruti kwanza, risasi juu yake, unashindilia kwa wenzo mdogo uliofungwa chini ya mtutu, alafu nyuma ya kila chumba kuna kichuchu cha chuma unachokivalisha fataki. Nyundo ikigonga fataki, moto unapita kwenye tundu la kichuchu unaenda kuwasha baruti. Vyumba huwa vitano au sita, ingawa bastola iitwayo LeMat ina vyumba tisa na mtutu wa pili katikati wa kufyatua marisau.

Sasa kabla ya kuangalia chapa yoyote, hakikisha haina kitu ndani. Hapa naomba usiruke. Baruti nyeusi ikikaa kavu ndani ya chumba kilichozibwa na risasi inaweza kubaki hai miaka na miaka, na bastola nyingi ziliwekwa kabatini zikiwa zimejazwa, mwenyewe akafariki, watoto wakaja kuzikuta. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, angalia vichuchu kama kuna fataki imebaki juu yake (hata iliyoshika kutu ihesabu ni hai), alafu vuta nyundo nusu ili silinda izunguke, chukua kijiti chembamba cha mbao, kipitishe taratibu kwa mbele kwenye kila chumba na uweke alama kinapoishia. Vyumba vyote viwe na kina kimoja na kijiti kifike karibu na vichuchu vinapoanzia. Kimoja kikiwa kifupi, au vyote vikiishia mbali na vichuchu, chukulia imejazwa, iweke chini usiigongegonge wala usijaribu kuitoa risasi mwenyewe, mwite fundi wa silaha anayejua baruti au uwaite polisi. Na sheria pia, kila nchi ina yake. Marekani kwa mfano sheria ya 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, lakini kwingine hiyohiyo bastola inahitaji kibali, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujanunua wala kusafiri nayo.

Vifaa havihitaji hela nyingi. Lenzi ya kukuzia ya mara 10, tochi ndogo, glavu za pamba au za nailoni (jasho lina chumvi na chumvi inakula chuma), karatasi nyembamba na penseli laini ya kuchukua nakala ya maandishi, kalipa ya kupimia, na simu ya kupiga picha. Bisibisi iache mbali kwa sasa. Tochi usiimulike kwa juu moja kwa moja, ilaze pembeni mwanga upite sambamba na chuma, hapo ndo herufi zilizofifia zinainuka na mabonde ya msasa yanaonekana.

Tuanze na namba maana ndo kazi yenye utamu. Colt alipiga namba ya siriali kwenye vipande karibu vyote, na kwenye Colt ya 1851, modeli inayoitwa Navy, unaikuta chini ya mtutu pale unapokutana na fremu, kwenye fremu, kwenye kilinzi cha triga, kwenye utepe wa chuma wa kitako kwa chini, na kwenye silinda. Kabari inayoshikilia mtutu nayo huwa na namba, mara nyingi tarakimu za mwisho tu, na ndani ya kitako cha mbao kuna namba iliyoandikwa kwa wino au penseli ambayo wengi hawajui hata ipo. Pindua bastola chali, utaona namba tatu zimepangana karibukaribu, ya mtutu, ya fremu na ya kilinzi cha triga, na hapo ndipo pa kukaa na lenzi muda mrefu. Usisome tarakimu tu, angalia umbo lake. Je, mkia wa 9 umepinda vilevile kote tatu? 4 imefungwa juu au iko wazi? Kina cha kupigwa kinalingana? Chuma kikipigwa muhuri kinasukumwa pembeni kidogo, na kwenye bastola isiyoguswa hicho kiukingo unakisikia kwa kucha. Namba iliyopigwa upya mara nyingi imekaa kwenye kibonde, maana ya zamani ilibidi isagwe kwanza, na ukilaza tochi hicho kibonde kinajionyesha chenyewe.

Namba zikitofautiana haina maana ni feki. Jeshini bastola zilifunguliwa kwa mafungu na kusafishwa, zikarudishwa vipande vimechanganyika, na kabari zilikuwa zinapotea kila siku. Kabari isiyolingana isikutoe usingizi. Silinda isiyolingana inashusha thamani lakini bado bastola ni ya kale kweli, mtutu na fremu visipolingana hapo una bastola mbili zilizoungwa. Ninachokiogopa mimi zaidi ni namba zinazolingana kupita kiasi kwenye vipande vyenye uchakavu tofauti, kwa mfano silinda imeliwa na kutu mpaka picha iliyochorwa juu yake imefutika alafu namba yake iko kali kama ya jana. Hapo mtu amefanya kazi usiku.

Remington, kiwanda kingine cha Marekani, ni tofauti. Namba yake iko chini ya mtutu, unashusha wenzo wa kushindilia ndo uione, na nyingine iko kwenye fremu ya kitako upande wa kushoto chini ya mbao. Kwa hiyo kwenye Remington skrubu ya kitako itabidi ifunguliwe, lakini ifungue kwa bisibisi yenye ncha inayojaa mfereji wote wa skrubu, ikigoma iache.

Maandishi ya juu ya mtutu sasa. Kwenye Colt za Marekani utasoma ADDRESS SAML COLT NEW-YORK CITY, au HARTFORD CT., na baadaye ADDRESS COL. SAML COLT NEW-YORK U.S. AMERICA. Zilizotengenezwa kiwanda chake cha London, kilichofanya kazi kati ya 1853 na 1856, zinasema ADDRESS COL. COLT LONDON, na zina namba zao zenyewe zilizoanza upya, kwa hiyo usichukue namba ya London ukaitafutia mwaka kwenye orodha ya Hartford, kiwanda chake cha Marekani. Upande wa kushoto wa fremu kunakuwa na COLTS PATENT. Ya New York isikuchanganye, ni anwani ya biashara, bastola zenyewe zilitoka Hartford.

Na tarehe, jamani tarehe, hapa watu wengi wanapotea. Tarehe iliyoandikwa kwenye bastola karibu kila mara ni ya hataza (haki ya mvumbuzi, ndo hiyo "patent"), haihusiani na siku ilipotengenezwa. Remington iliyoandikwa PATENTED SEPT. 14, 1858 watu wanaiita "Remington ya 1858", lakini hiyo ni siku ya hataza ya mvumbuzi Fordyce Beals, na ile iliyoongezewa neno NEW-MODEL ilianza kutoka 1863 hivi. Colt Army ya 1860 ina PATENTED SEPT. 10TH 1850 kwenye silinda, Starr, nayo ya Marekani, ina hataza ya JAN. 15, 1856. Na kwenye silinda ya Colt Navy utaona ENGAGED 16 MAY 1843, ambayo ni siku ya vita vya majini vya Campeche kati ya meli za Texas na za Mexico, picha yake ilichorwa na mchongaji W. L. Ormsby ikapigwa kwenye silinda kwa roli, yaani gurudumu la chuma lililochongwa picha. Mtu akikuuzia "Colt ya 1843" kwa ushahidi wa hiyo tarehe, rudisha mikono mfukoni. Mwaka halisi wa kutengenezwa unatoka kwenye namba ya siriali ukilinganisha na orodha za uzalishaji, Navy za Hartford zilifika kama 215,000, za London kama 42,000, Army za 1860 kama 200,000. Ukikutana na Navy ya Hartford yenye namba inayopita huko, anza kuuliza maswali.

Hiyo picha ya silinda ndo kipimo kizuri cha uchakavu kwenye Colt. Roli iliichora kwa kina kidogo sana kwa hiyo inafutika mapema, na inafutika kwa mpangilio, kwanza pale silinda inaposuguana na ala ya ngozi, baadaye kwingine. Watu wanaitaja kwa asilimia, "picha imebaki asilimia 60". Angalia meli, moshi, mawimbi, na yale maandishi madogo ya jina la Ormsby. Colt ya mfukoni ya 1849 yenyewe ina picha ya uporaji wa gari la farasi, na Dragoon, Colt kubwa nzito, ina mapigano ya askari wa Texas na Wahindi Wekundu. Picha haipo kabisa alafu silinda inang'aa laini? Imesagwa hiyo.

Ukigeukia Ulaya unakutana na mihuri ya majaribio, ile inayopigwa na ofisi ya serikali au ya chama cha mafundi baada ya kufyatua bastola kwa baruti nyingi kuona kama itahimili. London ni taji juu ya herufi GP zilizosukana, na taji juu ya V. Birmingham ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana na taji, pembeni herufi BPC au V. Kwenye silinda za Colt za London na za Adams utaikuta mihuri hiyo kwenye kila chumba. Liège ya Ubelgiji ni ELG ndani ya duara la yai, na taji juu ya hiyo ELG liliongezwa 1893, kwa hiyo ukiliona kwenye bastola inayosemwa ni ya 1855 ujue muhuri umekuja baadaye. Wabelgiji pia walitengeneza nyingi za mtindo wa Colt, nyingine zimeandikwa COLT BREVETE (hataza ya Colt), na hizo ni za kale kweli, zina bei yake, ila haziwi Colt ya Hartford. Za Uingereza kama Adams na Tranter mara nyingi zina jina la duka lililoziuza limechorwa juu ya fremu, kwa hiyo jina unalolisoma pale linaweza kuwa la muuzaji tu, mtengenezaji umtafute pembeni kwenye hataza.

Bastola za jeshi la Marekani zina herufi ndogondogo za wakaguzi kwenye vipande na muhuri wa yai wenye herufi za mwandiko kwenye mbao ya kitako. Muhuri huu unafojiwa sana kwa sababu unapandisha bei. Kipimo ni kilekile, mbao ikiwa imelainika kwa viganja vya watu na kona zimeisha, muhuri nao lazima uwe umelainika. Muhuri mkali juu ya mbao iliyochoka ni wa juzi.

Replika. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 Waitaliano walianza kutengeneza nakala, Uberti, Pietta, Armi San Marco na wengine, nakala nzuri tu za kufyatulia. Zikitoka kiwandani zina maandishi BLACK POWDER ONLY na MADE IN ITALY, muhuri wa nyota juu ya herufi PN, na kijisanduku chenye alama ya mwaka, ambacho tangu 1975 kinatumia herufi mbili kuanzia AA. Tatizo ni wanaoyafuta hayo yote, wanaipaka asidi izeeke, wanaiuza kama ya kale. Tafuta kwenye pande bapa za mtutu na chini ya wenzo wa kushindilia, maana ndo hayo maandishi yanapokaaga. Weka ukingo wa rula juu ya bapa, mwanga nyuma yake, ukiona nafasi katikati ya bapa lililotakiwa kunyooka basi kitu kimesagwa pale. Na kutu ya asidi inalingana kila mahali, hata ndani ya mifereji ya skrubu na chini ya mbao ambako mkono haufiki. Kutu ya kweli inachagua, iko kali nyuma karibu na vichuchu, iko kidogo mahali palipojificha.

Hapo ndo tunaingia kwenye hali ya chuma. Rangi ya bluu ya kiwandani inageuka taratibu kuwa kahawia au kijivu, na inabaki mahali palipolindwa, kwenye kona za fremu, nyuma ya wenzo, chini ya kabari. Fremu, nyundo na wenzo za Colt zilikuwa na rangi za mawingumawingu za kukazwa kwa moto, siku hizi nyingi zimebaki kijivu cha fedha, na ukizipata bado ziko ubavuni mwa nyundo ni dalili nzuri sana. Shaba ya kilinzi cha triga kwenye Navy za kiraia ilipakwa fedha, tafuta mabaki kwenye kona. Bluu ikiwa imejaa kila mahali alafu chini yake kuna vishimo vya kutu, imepakwa upya, haina mjadala, maana bluu ya kiwandani ilipakwa juu ya chuma laini. Dalili nyingine ya kung'arishwa ni kingo za mtutu wa pembe nane kuwa butu, herufi kufifia upande mmoja tu, na matundu ya skrubu kupanuka mdomo kama visahani. Alafu pitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma. Kiwandani vilisawazishwa pamoja, kidole kinapita bila kukwama. Mbao ikiwa imenyanyuka kuliko chuma, chuma kimesagwa, chuma kikiwa juu basi mbao imepigwa msasa au imenywea.

Vichuchu na mazingira yake viangalie kwa lenzi kimoja kimoja. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu na zinaacha chumvi inayovuta unyevu, ndo maana nyuma ya silinda kunaliwa kabla ya kwingine kote. Kichuchu kilichopondwa kichwa kinaonyesha mtu alikuwa anafyatua kavu. Vichuchu vipya siyo kosa kubwa, andika tu kwamba vimebadilishwa. Ndani ya mtutu mulika kwa nyuma uangalie mifereji, Navy ya 1851 ina saba. Mifereji iliyo wazi yenye giza ni sawa, vishimo vya kutu vikimeza mifereji ni hasara.

Mashine unaijaribu mara chache tu na kwa upole. Vuta nyundo nusu, silinda izunguke huru. Vuta yote, silinda ifunge, uitikise kidogo kwa vidole, kuchezacheza kidogo kawaida. Rudia kwa kila chumba maana inaweza kufunga vitano ikagoma cha sita. Nyundo ikiwa juu isukume polepole kwa dole gumba bila kugusa triga, ikidondoka meno yamekwisha. Kila mara ishushe kwa kuishikilia, usiiachie ijigonge, springi za umri huo zikivunjika mbadala wa orijino ni shida kupata. Kabari ya Colt ikigoma kutoka usiipige na nyundo ya chuma, bora uondoke hujaona namba ya ndani kuliko kuacha kovu.

Kwenye kuandika hali, wakusanyaji wa Marekani wanatumia viwango vya NRA, chama chao cha wenye bunduki, vya silaha za kale, na mi navipenda kwa sababu vinaanza na uhalisi wa vipande, rangi baadaye. Ile wanayoiita Excellent ni vipande vyote orijino na rangi zaidi ya asilimia 80, Fine ni vyote orijino na rangi zaidi ya 30, Very Good ni vyote orijino lakini rangi kuanzia sifuri mpaka 30. Ukishuka kwenye Good tayari kuna vipande vidogo vimebadilishwa, Fair vikubwa. Yaani bastola ya kijivu kabisa isiyo na bluu hata chembe, ikiwa nzima na haijaguswa, inakaa juu ya ile inayong'aa yenye silinda ya kuazima.

Ukimaliza usiisafishe. Brashi ya waya, msasa, dawa ya kung'arisha shaba, vyote weka mbali, kwa dakika kumi unafuta kilichochukua karne na nusu kujijenga na hakirudi. Kutu ya rangi ya chungwa inayoacha vumbi kidoleni ndo iliyo hai, hiyo weka mafuta mepesi, subiri siku kadhaa, futa kwa kitambaa laini, rudia. Kutu nyeusi au kahawia iliyotulia iache. Usiihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi hata kama vilikuja pamoja, ngozi inashika unyevu na asidi zake zinakula chuma, viweke mbalimbali mahali pakavu. Na usije ukaijaribu kuifyatua, baruti ya kisasa isiyo na moshi inaipasua.

Piga picha za kila chapa kwa mwanga wa pembeni, pande zote mbili, chini, juu, nyuma ya silinda, na uandike kila namba na mahali ulipoikuta hata kama ni tarakimu mbili tu. Ukimpelekea mtaalamu, mtumie hizo picha na hizo namba kabla hujamwambia wewe unadhani ni nini, akishaona jina lako la "Colt ya jeshi" ataanza kuitafuta Colt ya jeshi kwenye picha.